Geuza Begi, Funga Mwavuli: Wito kwa Wanaovuka Likoni, Nyali na Makupa

Simama dakika chache karibu na soko la Kongowea asubuhi, pale matatu zinapomwaga abiria, uwatazame watu mikono yao. Mguu haujagusa chini, begi lililokuwa mgongoni limeshazungushwa kifuani. Simu imetoka mfuko wa nyuma ikaingia wa mbele. Mwanamke aliyekuwa amening'iniza kibeti begani amekibana kwapani, na mkanda wake ameuzungusha mkononi mara mbili. Hakuna kibao kinachowaamrisha, wala askari aliyewaambia. Kila mtu anajua kuwa Kongowea kuna vidole vyepesi, na kila mtu amefunzwa, ama na mamake ama na hasara.

Sasa mfuate mmoja wao, mkaazi wa Likoni, akirudi nyumbani jioni. Amefika feri, lango limefunguliwa, amesukumana na wenziwe mpaka ndani, amepata pa kusimama. Hofu ya mwizi imempungua. Begi limerudi mgongoni, limevimba kwa unga, sukari na ndara za watoto, na kila anapogeuka kuangalia kama wanakaribia ng'ambo, linafagia. Linamsukuma mzee aliyeegemea mkongojo wake. Linampiga kidevuni msichana wa shule. Mwenyewe hana habari, maana mgongo hauna macho.

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kuvilinda vitu vyetu na watu tumefuzu zamani. Naomba sasa tuwalinde watu na vitu vyetu. Nasema na nyinyi wa Likoni na Mtongwe, wa Kisauni, Mtopanga na Bombolulu, wa Changamwe, Chaani na Mikindani. Nasema na mwenye begi, mwenye mwavuli, mwenye simu, mwenye helmeti, na yule mwenye sanduku la magurudumu anayelikokota huku akitazama juu. Serikali nitaigusa baadaye, tena kidogo tu.

Kwa nini niwaambie watu wa bara zaidi ya wengine? Kwa sababu sisi ndio tunaobanana. Kati ya kaunti ndogo sita za Mombasa, ni moja tu, Mvita, iliyo kisiwani. Tano zilizobaki ziko bara. Sensa ya 2019 ilihesabu watu zaidi ya milioni moja na laki mbili katika kaunti nzima. Kazi nyingi, ofisi, hospitali kubwa, bandari na maduka ya jumla viko upande ule wa maji au karibu yake. Basi kila kunapokucha bara inajimimina kisiwani kupitia matundu matatu: Daraja la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1980 kuchukua nafasi ya lile la kuelea la 1931, njia ya Makupa kwa watu wa Changamwe na Jomvu, na feri ya Likoni. Jioni hujimimina upya kurudi. Mtu wa Nairobi akikerwa na msongamano hushuka akatembea barabara nyingine. Wewe wa Likoni utatembea wapi? Mbele yako kuna mkondo wa bahari unaopitisha meli za mizigo.

Hesabu iliyozoeleka kutajwa na wasimamizi wa feri ni watu wapatao laki tatu kwa siku, na magari yapatayo 6,000. Waendao kwa miguu hawalipi kitu, na hilo ni jambo jema tunalosahau kulishukuru. Lakini ina maana pia kwamba hakuna tikiti, hakuna nambari ya kiti, hakuna mstari uliochorwa kukuonyesha nafasi yako inaishia wapi. Nafasi yako ni ile uliyoachiwa na jirani. Ukiingia na begi limetokeza nyuma, umechukua nafasi ya mtu wa pili bila kumuomba.

Nianze na hilo begi, kwa kuwa ndilo lenye madhara zaidi.

Mtazame mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa leso. Ameifunga vizuri, fundo liko kifuani, mtoto amelala, shavu limelala kwenye bega la mamake. Kichwa cha mtoto huyo kiko sawasawa na begi la mwanamume wa kimo cha kawaida aliyesimama nyuma au kando yake. Mwanamume akigeuka ghafla, kitu cha kwanza kinachokutana na begi ni kichwa hicho. Na ndani ya begi mna nini? Fundi wa mjengo ana nyundo, mwiko na pimamaji. Mwanafunzi wa chuo ana kompyuta na chaja yake nzito. Mfanyakazi wa hoteli ana viatu vya kazi na kopo la chakula la chuma. Mama hatamlaumu mtu. Atamzungusha mtoto upande mwingine, amuimbie kimya kimya mpaka anyamaze, na mwenye begi atashuka Likoni akiamini alikuwa abiria mwema.

Dawa yake haina gharama. Kabla ya lango kufunguliwa, ukiwa bado kwenye lile banda la kungojea, vua begi. Livae kifuani kama ufanyavyo Kongowea. Ukishaingia na watu wakakaza, litoe kabisa uliweke chini baina ya miguu yako, maana begi la kifuani nalo humsukuma wa mbele. Japani, ambako treni za mijini hushiba watu kama feri yetu ya saa kumi na mbili, kampuni za reli zimekuwa zikiwahimiza abiria wabebe mabegi kwa mbele au wayashike mkononi. Wale wana treni kila baada ya dakika chache na bado wameona lina maana. Sisi tuna sababu kubwa zaidi: chini yetu ni maji.

Hapo kwenye maji sitaki kutia chumvi. Tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka ikiwa imepakia watu kupita uwezo wake, na watu 272 wakapoteza maisha. Hakuna begi lililosababisha msiba ule. Ila kila mkaazi wa Likoni mwenye umri wa kutosha anajua nyumba iliyolia siku ile, na ndiyo maana akiona watu wanasukumana kwenye mteremko wa feri hushika mkono wa mtoto wake kwa nguvu. Mteremko ule una utelezi, hasa maji yakipwa ukawa mkali. Pale ndipo mahali pa mwisho pa kumgonga mtu kwa nyuma kisha useme hukumuona.

Na tuna wa kujifunza kwao, tena hapo hapo. Muangalieni hamali wa mkokoteni. Yule kijana anasukuma magunia ya viazi au mitungi ya maji, mzigo mzito kuliko mabegi ya abiria ishirini. Hata hivyo, tangu anapoanza kuteremka utamsikia: "Simile! Simile, mamangu! Simile, ami!" Anatangaza mzigo wake. Anajua kuwa chombo chake kinaweza kuumiza, na anabeba jukumu la kuwaonya watu kabla hakijawafikia. Watu humpisha, wengine wakinung'unika, lakini humpisha. Huyu tunamdharau, tunamwita mtu wa mkokoteni, na yeye ndiye mwenye adabu ya vitu kutushinda sote. Mwenye begi la shilingi 5,000 hupita kimya akiparuza watu kushoto na kulia.

Mwavuli nao una historia ndefu pwani hii, na historia yenyewe inaeleza tatizo letu. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alimuona sultani akitembea chini ya vivuli vinne vya hariri vya rangi, kila kimoja kina ndege wa dhahabu juu yake. Wareno waliofika Malindi Aprili 1498 na Vasco da Gama waliandika kuwa mfalme wa huko alikuja na mwavuli wa atilasi nyekundu uliofungwa kwenye mti. Mwavuli ulikuwa wa mkubwa. Alikuwa na mtu wa kumshikia, na wengine wote walisogea kando akapita. Leo, namshukuru Mungu, mwavuli unauzwa kando ya barabara na kila mtu ni mfalme. Ila hakuna raia waliobaki wa kusogea kando.

Njoo kivukoni mwezi wa Mei, mvua ya masika ikipiga na upepo wa kusi ukiisukuma kutoka baharini. Miavuli mia mbili inateremka pamoja. Kila mmoja una ncha nane za chuma, na kwa kuwa wanawake wengi ni wafupi kuliko wanaume walio kando yao, ncha zao hucheza sawasawa na macho ya watu. Upepo ukiupindua mmoja, mwenyewe hupambana nao hapo hapo katikati ya njia, akiuzungusha huku na huku, na watu nyuma yake wameshasimama ghafla na wengine bado wanakuja. Kuna anayeufunga kwa kuukung'uta, maji yote yakamrukia jirani. Kuna anayeubana kwapani ukiwa umelala, ncha imeelekea nyuma, tumboni mwa mtu asiyemjua.

Naomba hivi. Mwavuli ufungwe kabla ya kukanyaga mteremko, hata kama utalowa hatua chache. Kulowa hukauka; jicho likitobolewa ni habari nyingine. Ukishaufunga, ushike wima, ncha chini, karibu na mguu wako mwenyewe. Ukiingia kwenye matatu ya kwenda Mtopanga au Magongo, ukung'ute nje ya mlango, kisha uuweke miguuni pako, si juu ya kiti na si baina yako na buibui la bibi wa watu aliyevaa kwa ajili ya harusi. Wengine hubeba mfuko wa kuutia. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2017 tumezoea kutembea na ile mifuko ya kitambaa. Mmoja mkuukuu uliokunjwa ndani ya begi unatosha kabisa.

Na kwa kuwa nimeukemea mwavuli, niutetee pia. Hakuna kitu kinachoweza kuwapa ujirani wageni wawili haraka kama mwavuli. Pale Daraja la Nyali, mvua ikikukuta katikati, utasikia sauti nyuma yako: "Ingia hapa, mwanangu, utaugua." Humjui, hatakwambia jina lake, mtatembea pamoja mpaka mwisho wa daraja mkizungumzia bei ya nyanya. Desturi hiyo bado iko hai Kisauni. Mwenye mwavuli mkubwa, uangalie kando kabla hujausogeza upande wako wote.

Simu ni jambo jingine, kwa maana haigongi mwili wa mtu. Inagonga masikio yake, na wakati mwingine heshima yake.

Ya masikio nitayapitia haraka. Matatu zetu zina muziki wake tayari, na kondakta akiupandisha hakuna anayemuuliza. Ukiongeza juu yake video ya vichekesho kutoka simu ya kiti cha nyuma, ujumbe wa sauti wa dakika tatu kutoka kiti cha katikati, na mtu anayezungumza na shangazi yake kwa spika ili gari zima lisikie habari za shamba la Kilifi, hapo umefanya nini? Visikizi vya masikioni vinauzwa bei ndogo Kongowea na Changamwe. Asiye navyo asubiri afike. Simu ya lazima ipokewe, ila kwa sauti ya chini na maneno machache: "Niko garini, nitakupigia nikishuka." Habari za ugonjwa, za madeni na za mahari si za kutangazwa kwa spika hata kidogo, kwani yule mgonjwa hakukuruhusu uwaeleze abiria kumi na watatu matokeo ya vipimo vyake. Na wewe uliyetia visikizi masikio yote mawili, acha sikio moja wazi. Mzee akikuomba umpishe mara tatu hujamsikia, atadhani kizazi hiki hakina haya, kumbe ni muziki.

Kamera ndiyo inayonikasirisha. Siku hizi mtu akianguka kwenye mteremko wa feri, mama akizimia kwa jua, vijana wakigombana, simu huinuka kabla ya mikono. Wanaopiga picha ni wengi kuliko wanaoinua. Jioni, aliyeanguka anajiona kwenye simu ya jirani yake mtaani Timbwani, leso imemvuka, watu wanacheka. Pwani tuna neno stara na tunalipenda, tunalitaja kwenye harusi na kwenye matanga. Basi hapo ndipo mahali pake. Mwanamke akivukwa na leso, adabu tuliyolelewa nayo ni kugeuza uso mpaka ajifunge, au kumvulia yako umsitiri. Simu haikuondoa wajibu huo. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na tangu 2019 nchi ina Sheria ya Kulinda Data. Lakini mama muuza mboga hatakwenda mahakamani kwa ajili ya video ya sekunde ishirini. Kinga yake ni wewe uliyesimama karibu, ukamgusa kijana bega na kumwambia: "Weka simu, mwanangu. Huyu ni mama wa mtu."

Kuna vingine vidogo ambavyo nitavitaja tu. Miwani ya jua: ivue ukimsalimia mtu mzima, maana "shikamoo" inayotoka nyuma ya kioo cheusi haifiki. Manukato: sisi ni watu wa udi na asumini na hatutaacha, lakini chupa nzima kabla ya kuingia matatu yenye madirisha yaliyofungwa kwa mvua inamuumiza mwenye pumu. Helmeti ya bodaboda, kwa nyinyi mnaoteremka Magongo au Port Reitz mkiwa nayo kwenye kiwiko, ishikeni mbele ya tumbo. Pale kwenye kiwiko hupiga goti la aliyekaa. Na wageni wetu wa treni ya Miritini, tangu safari zile zianze mwaka 2017, huja na masanduku ya magurudumu yenye ukubwa wa friji. Karibuni Mombasa. Lipeni kiti cha sanduku, au ombeni lifungwe juu ya gari, lakini msiliegeshe mlangoni ambapo kila abiria atalazimika kuliruka kama kiunzi.

Najua maswali yatakayokuja. La kwanza: watu wana njaa, nauli imepanda, kazi hakuna, na wewe unazungumza habari za begi? Ndiyo. Mwenye shida nyingi ndiye anayestahili zaidi asiongezewe ya bure. Mama aliyeamka saa kumi usiku kufika kibarua Shimanzi amechoka tayari. Kumpiga na begi hakumpunguzii umaskini.

La pili lina uzito zaidi: badala ya kutufundisha kusimama vizuri kwenye feri, kwa nini serikali isitujengee daraja? Nakubaliana nanyi. Habari za daraja kubwa la kuunganisha kisiwa na Likoni, lile linaloitwa Mombasa Gate, tumezisikia miaka mingi, pamoja na mkopo wa Japani, na bado tunavuka kwa feri. Wakumbusheni viongozi kila wanapokuja kuomba kura. Lakini siku daraja likikamilika, tutapita juu yake na mabegi haya haya, miavuli hii hii na simu hizi hizi. Watu wa Kisauni wana daraja lao la sasa tangu 1980. Nendeni mkatazame njia ya waenda kwa miguu saa moja asubuhi.

La tatu ni la wale wanaosema kwamba Mkenya haendi bila rungu. Mwaka 2020 ulitufunza mambo mawili kuhusu hilo. Tarehe 27 Machi, siku ya kwanza ya kafyu ya korona, polisi waliwapiga na kuwatupia gesi ya machozi watu waliokuwa wakingojea feri kurudi nyumbani Likoni. Watu hao walikuwa na kosa gani? Walikuwa wamechelewa kwa sababu vyombo ni vichache na watu ni wengi. Rungu halikuwafundisha kitu ila uchungu. Lakini mwaka huo huo tulijifunza kuvaa barakoa, jambo ambalo hatukulijua kabla, na mafundi cherehani wa mitaani wakazishona kwa vitambaa vya leso, na mtu aliyesahau yake alipewa na jirani. Mwanzoni palikuwa na amri na faini, sikatai. Kilichoshinda katika mitaa yetu, kwa ninavyokumbuka, ni bibi mmoja mmoja aliyekuwa akisema mlangoni pake: "Jifunike, baba, usituletee maradhi." Watu walimsikiliza kwa sababu alikuwa bibi yao.

Kwa hiyo sitaki begi liandikiwe sheria, na sitaki askari apewe sababu nyingine ya kuwasimamisha vijana pale langoni. Nataka tuambiane. Na kuambiana kuna namna yake. Sisi watu wa pwani tukishindwa na hilo tumeshindwa na yote. Kijana akikugonga, usimwanze na matusi ya mamake. Mguse bega umwambie: "Mwanangu, hebu geuza begi, kuna mtoto hapa." Mara nyingi utasikia: "Pole mama, sikumuona." Nawe jibu: "Si neno." Yameisha. Na wewe kijana ukiambiwa, usijibu kwa macho. Aliyekuambia hakukutusi, amekuchukulia kama mtoto wa nyumbani, na wasiokujali hawasemi kitu.

Wapo wanaoweza kulisukuma jambo hili kuliko makala yangu. Kondakta, wewe unayepiga kelele mlangoni kutwa nzima, ongeza maneno manne katika kelele zako: "Mabegi mbele, miavuli chini!" Abiria watacheka siku ya kwanza, na siku ya tatu watatii. Walimu wa shule na wa madrasa, mabegi ya wanafunzi siku hizi ni makubwa kuliko wanafunzi wenyewe. Wafunzeni kuyavua kabla ya kupanda chombo chochote. Wasimamizi wa feri, spika mnazo, na watu wanangoja bandani hawana la kufanya: watangazieni kwa Kiswahili kizuri na kwa upole, kabla ya lango, kwa kuwa likishafunguliwa hakuna anayesikia. Maimamu na wachungaji, nyinyi mna waumini wanaojua kuvua viatu na kuvipanga mlangoni, kufunga simu zao na kukaa bila kumbana aliye kando. Waambieni ibada ikiisha wasiiache adabu hiyo kwenye kizingiti.

Na wewe msomaji unayevuka kesho, usingoje kondakta wala imamu. Ukifika bandani, vua begi. Mvua ikinyesha, funga mwavuli juu ya mteremko, si chini yake. Simu iingie mfukoni mpaka ushuke. Ukimuona aliyesahau, mwambie kwa jina la heshima linalomfaa, mama, ami, dada au mwanangu, kisha usogee kidogo ili apate nafasi ya kuligeuza begi lake.